Mwiko wa Ini Uliotoka Katito

Katito,
2 Februari 2025

Kwako Celestine, okewo wangu, mtoto wa pekee wa dada yangu,

Pokea salamu, na usiulize ni ngapi, maana nilianza kuzijaza kwenye gunia, likapasuka. Huku sisi wazima. Mke wangu Awuor anakusalimu. Goti lake bado linalalamika lakini mdomo uko imara. Jua limekuwa kali mpaka mbuzi wanagombania kivuli cha kuku.

Utashangaa kuandikiwa barua zama hizi. Simu yangu imemezwa na mbuta. Nilikuwa nimesimama ndani ya boti pale Kusa nikiongea na mnunuzi wa mbuzi, samaki akaruka, akaifunga mdomoni, akarudi chini. Mnunuzi anaapa kwamba aliendelea kumsikia mtu akipumua.

Sasa neno lenyewe. Elsie, huyu anayeleta mboga soko la Kibuye huko Kisumu kila wiki, amenieleza kwamba una mimba, na kwamba kliniki wamesema damu yako imepungua. Nilicheka. Damu ipungue kwa mtoto wa ukoo wangu? Mimi nikijikata kidole kwa wembe, wembe ndio hufungwa bendeji. Lakini kwa kuwa wewe umeolewa mjini na mji hunyonya watu, nimeamua kuingilia kati.

Unajua mimi ndiye dalali mkuu wa mbuzi soko hili. Akichinjwa mbuzi niliyemuuza mimi, ini ni langu, na hilo halina mjadala, hata wazungu wakija. Basi ini hilo nimejinyima. Elsie analo, limechemshwa na kutiwa chumvi lisiharibike njiani, pamoja na jogoo mmoja mwenye tabia mbaya. Kula vyote. Usimhurumie jogoo.

Andika upesi.

Mjomba wako,
Dalmas Owiti


Migosi, Kisumu,
10 Februari 2025

Kwako Nera, mjomba wangu,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Elsie anasema simu ilianguka chooni, lakini mimi nimechagua kuamini habari ya mbuta.

Hapa tuko salama. Sydney anachomelea mageti kama kawaida na kazi iko. Mama yake, Mama Naswa, amekuja kutoka Bungoma kunitunza mpaka nijifungue. Ni mama mzuri. Haniachi niinue ndoo, nguo zangu anafua yeye, na usiku ananifunika na blanketi lake.

Ni kweli nilipimwa. Nesi alinivuta ukope wa chini, akaangalia viganja vyangu, akatikisa kichwa kabla hata mashine haijasema. Kipimo kilikuwa saba nukta sita, na yeye anataka kumi na moja. Anasema damu ikibaki hivyo mtoto anaweza kuja mapema au mdogo, na mimi nikitokwa na damu wakati wa kujifungua sitakuwa na akiba. Amenipa vidonge vya madini ya chuma, vina ladha ya misumari ya Sydney. Pia ameniambia nile managu, kunde, omena, maharagwe, na ini kidogo, mara moja au mbili kwa wiki.

Jogoo na ini vilifika. Ahsante sana. Ini lilikuwa tamu, nimeambiwa.

Wako,
Celestine


Katito,
1 Machi 2025

Kwako okewo,

Salamu za mara ya pili, hizi ni nzito kuliko zile. Awuor mzima. Goti limehamia mguu mwingine. Mwanangu Byron amenunua pikipiki na sasa anapitia mbele ya nyumba yangu mara kwa mara hata kama hana anakokwenda.

Nimesoma barua yako nikiwa nimevaa miwani, nikaisoma tena nikiwa nimevua. Umeandika ini lilikuwa tamu, "nimeambiwa". Aliyekuambia ni nani? Ini huwa halisimuliwi. Mtu hulila, akajua mwenyewe.

Mimi nilipozaliwa nilikuwa kitu kidogo cha kuwekwa ndani ya kibuyu. Bibi yangu alinipaka mchuzi wa ini midomoni, asubuhi wakanikuta nimekaa nje na wazee, nauliza bei ya ng'ombe. Nguvu ya ini ndiyo hiyo.

Natuma lingine, kubwa kuliko la kwanza, na mayai kwenye pumba. Nijibu swali langu.

Dalmas Owiti,
mjomba


Migosi,
29 Machi 2025

Kwako Nera,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na joto, halafu kukawa na mvua, halafu nikawa nalala sana. Nikipanda ngazi za kwetu, hizo chache tu, lazima nikae katikati nipumzike kama bibi kizee.

Sydney mzima, hata zaidi ya mzima. Suruali yake ya kanisani haifungi tena, anafunika kifungo kwa shati. Mama Naswa anasema hiyo ni raha ya ndoa. Mayai yalifika. Mama amenieleza kwamba mayai humfanya mtoto azaliwe na upara, kwa hiyo hayakupotea, yalipata mtu.

Kliniki nimerudi. Saba nukta nne, imeshuka tena. Nesi aliniuliza kama namwaga vidonge. Nikamwambia nameza kila siku na chai yangu ya maziwa, akashika kiuno. Ati chai inazuia ile dawa isiingie mwilini. Amesema kipimo kisipopanda, atanituma hospitali kubwa nikaongezwe damu.

Umeuliza swali. Wino wa kalamu hii unaelekea kuisha, itabidi nikome hapa.

Celestine


Katito,
5 Aprili 2025

(Hii imefungwa ndani ya majani ya kunde. Ni yako peke yako. Ukimaliza, iwashie jiko.)

Okewo,

Leo salamu ni fupi. Elsie amesema yote.

Amesema siku ile alipokuletea ini la pili, Mama Naswa alimshika mkono asiondoke kabla ya kula. Akakaa. Akachinjiwa kuku, akaona sahani ya Sydney ina ini lote, na firigisi juu yake kama kofia. Sahani yako ilikuwa na shingo na bawa. Amesema Mama Naswa alipakua kwa upendo, bila uchoyo wowote, kwa sababu kwao ini na firigisi ni vya mwanamume mwenye nyumba. Akaniambia pia kwamba viganja vyako vina rangi ya jivu la kuni.

Kumbe miezi hii yote nimekuwa nikimnenepesha Sydney.

Nilichukua fimbo. Nilifika mpaka njia panda ya Kendu Bay, pikipiki kumi zikinililia nipande. Halafu nikafikiria. Mjomba akienda kugombana na wakwe, yeye hurudi kwake akalala, anayebaki na ugomvi ni binti. Na mimi mwenyewe hapa Katito nimekula ini miaka yote kwa mila hiyo hiyo. Nitamwambia nini yule mama?

Mila haitishwi na fimbo, okewo, wala na nesi. Mila huogopa mila iliyoizidi umri. Sasa wakwe zako ni watu wa Bungoma. Mila zetu za Nyakach watazijulia wapi, isipokuwa kutoka kwa mzee wa Nyakach?

Ndani ya bahasha kuna barua nyingine. Isome kwa sauti baada ya chakula, Sydney na mama yake wakiwa wamekaa. Usiwatazame usoni. Ukihisi kicheko kinakuja, kohoa, sema ni mimba.

Mjomba


(Hii ilikuwa ndani ya bahasha.)

KWA NYUMBA YA BWANA SYDNEY WEPUKHULU, MIGOSI

Mkwe wangu Sydney, na wewe Mama Naswa, mkwe mwenzangu, nawavulia kofia. Mlipomuoa binti yetu mlipewa kila kitu isipokuwa onyo moja, maana wazee wetu walisahau kulitoa siku ya harusi kwa sababu ya shibe. Leo nalitoa.

Babu yangu Owiti alikuwa mtu wa kumsimamisha fahali kwa vidole viwili. Mke wake alipokuwa na mimba, babu akachinja mbuzi akala ini peke yake, kama mwanamume. Mwezi wa kujifungua ukafika. Bibi akaamka mzima, akafagia uwanja, akateka maji. Uchungu ulikuwa umemshika babu. Alilala chini ameuma mguu wa kigoda, mkunga amesimama katikati yao hajui amhudumie nani. Mtoto alitoka kwa bibi kimya kimya, kelele zote zikatoka kwa babu. Baada ya hapo ndevu zilimnyonyoka, na kifua kikafura mpaka akaacha kuoga mtoni na wenzake.

Tangu siku hiyo, katika ukoo wetu, nyumba yenye mimba ya binti yetu, ini la mbuzi na la kuku huliwa na mwenye mimba. Mume hukaa mbele yake akimwangalia mpaka amalize. Asipomaliza, mume ndiye mwenye kosa.

Sisemi kila anayekosea atapatwa kama babu. Wengine hushikwa na tumbo la kusokota tu. Ishara ya kwanza ni suruali kukataa kufunga.

Nimesema. Nisije nikalaumiwa.

Mzee Dalmas Owiti wa Katito


Migosi,
19 Aprili 2025

Kwako Nera, mwenye babu wa ajabu,

Salamu kutoka kwetu sote, na safari hii kila mtu ameomba jina lake litajwe. Sydney anakusalimu kwa heshima kubwa. Mama Naswa anakusalimu kwa heshima kubwa zaidi.

Nilisoma kama ulivyoagiza. Nilifika kwenye mguu wa kigoda nikakohoa mpaka wakaniletea maji. Nilipofika kwenye suruali, Sydney alishika kifungo chake. Mama Naswa alimtazama mwanawe tumboni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Hata kwetu nilisikia kitu kama hicho, zamani."

Sasa sikia. Jioni ile Sydney alikuwa amekula sahani mbili za maharagwe. Kabla hatujalala tumbo likaanza kumsokota. Alijikunja, akashika mguu wa kitanda, akaniuliza kama nasikia chochote. Nikamwambia mimi mzima kabisa. Alilia kidogo, mjomba. Nilimsugua mgongo, na sikucheka, naapa, nilikuwa nimeuma shuka.

Tangu siku hiyo nakula ini nikisimamiwa kama mtoto wa chekechea. Sydney huvuta kiti, hukaa mbele yangu, huhesabu kwa macho. Nikiacha kipande anasema, "Celestine, tafadhali."

Najua unajiuliza kwa nini sikusema. Mke kusema "nipeni ini" mbele ya mama mkwe, neno hilo hukaa katika nyumba muda mrefu kuliko yeye mwenyewe. Nilijaribu mara mbili kufungua mdomo. Kilichotoka ni ahsante mama.

Lakini nesi alisema ini si kila siku, na kwamba vidonge ndivyo kazi yenyewe. Vinywewe na chungwa, chai ikae mbali na chakula. Sydney huwa haingii kliniki, hunifikisha getini tu, kwa hiyo hayo anayasikia kwangu, na ya kwangu huonekana ni madeko. Mama Naswa anauliza: firigisi je? Mayai je? Nami nauliza: ukoo wetu hauna neno lolote juu ya machungwa?

Okewo wako,
Celestine


Katito,
3 Mei 2025

KWA NYUMBA YA BWANA SYDNEY, NYONGEZA

Wakwe zangu, pokeeni salamu. Mvua imetubariki, mahindi yanakua kwa kelele, usiku hatulali. Byron wangu naye amejaliwa. Mke wake Kageha ni mja mzito, kwa hiyo mnaona ukoo huu haujazeeka.

Nimepata maswali yenu. Nimekwenda kuyauliza kwa wazee, na wazee hao ni vigumu kuwapata, maana wengi wamekufa.

Firigisi: mume anaruhusiwa, lakini amwombe mkewe.

Mayai: katika ukoo wetu anayekuwa na upara ni mwanamume anayemnyima mjamzito mayai. Angalieni wanaume wenye upara hapo Migosi, kisha waulizeni wake zao.

Chai: mwenye mimba hanywi chai na chakula. Anasubiri mpaka sahani zimekauka. Babu Owiti alikuwa akizipanga juani na kuzigusa kwa kidole.

Dawa ya kliniki: binti yetu huimeza kwa chungwa lililomenywa na mume. Si mama, si jirani. Ganda litoke zima, bila kukatika. Likikatika, limenywe lingine.

Ini: wiki moja mara mbili basi. Zaidi ya hapo babu anaona wivu.

Dalmas Owiti

(Hii ndogo ni yako, okewo. Hilo la ganda nimelitunga kwa sababu nilikumbuka mikono ya huyo mchomeleaji. Utakula machungwa mengi.)


Migosi,
7 Juni 2025

Kwako Nera,

Sote tunakusalimu. Kageha apewe pole ya kutapika na pongezi za mengine.

Kumi nukta mbili. Nesi alipima, akatikisa kile kifaa, akapima tena. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia mume wangu ananimenyea machungwa. Akasema angependa kuonana na huyo mume, basi safari iliyofuata Sydney akavuka lile geti akaingia. Alikaa kwenye benchi kati ya wanawake, akamweleza nesi masharti yote ya ukoo wetu, moja baada ya jingine. Nesi alinitazama. Nikaangalia dirisha. Akasema, "Endeleeni na mila hizo, ni nzuri sana."

Ganda sasa linatoka zima. Amelitundika moja kwenye karakana, wenzake wamuulize.

Lakini mambo yamevuka ukuta. Mama Naswa amemwambia jirani, jirani amewaambia watu wa chama chake, na Jumapili iliyopita mwanamume wa nyumba ya tatu alionekana akisukuma sahani ya ini kwa mkewe, amegeuza uso.

Mjomba, kuna mawili. La kwanza, Mama Naswa anasema maziwa ya kwanza, yale ya njano, ni machafu, yakamuliwe chini, mtoto apewe maji ya sukari mpaka meupe yaje. Nesi anasema yale ya njano ndiyo chanjo ya kwanza. Unajua la kufanya.

La pili nilikuuliza nikiwa darasa la nne, na siku ya harusi yangu, na mara zote mbili ulinihadithia habari ya mamba. Nesi ameniuliza kama kuna mtu wa familia aliyefariki katika uzazi. Nilimwambia mama yangu, nikiwa mdogo, akizaa wa pili. Akauliza ilikuwaje. Nikamwambia nitakuandikia wewe.

Mama alikufaje?

Celestine


Katito,
14 Juni 2025

Okewo,

Tuko salama.

Habari ya mamba ni ndefu na ningeweza kuiandika, kuna sehemu mpya. Lakini Awuor amekaa hapa kando yangu na amesema akiona neno mamba atachana karatasi.

Mama yako Atieno alikuwa na viganja vyeupe. Alipanda mlima kutoka kisimani akipumzika njia nzima. Tulimwona, sisi wote, tukasema mimba hii imempenda, angalia alivyong'aa. Tulimsifu. Alipojifungua akatokwa na damu, si nyingi kuliko ya wanawake wengine. Mkunga alisema hivyo hivyo, si nyingi. Lakini yeye hakuwa na ya kutoa. Mtoto alikuwa mdogo kama njiwa, akamfuata mama yake.

Hiyo ndiyo habari. Mwambie nesi.

Elsie aliponiambia rangi ya viganja vyako sikuwa na mzaha hata mmoja kichwani, na unajua huwa ninao wa akiba. Basi. Kula.

Karatasi ya pili ni ya kusoma kwa sauti. Nimeandika kwamba babu Owiti alinyimwa maziwa ya njano, ndiyo maana mpaka anakufa hakujua kupiga mluzi. Na kwamba mtoto wa binti yetu haonji maji, wala sukari, wala uji, mpaka awe na miezi sita na aweze kukaa akimtazama kuku bila kuanguka. Atakayempa kabla ya hapo ataota kila usiku anakimbizwa na mwizi aliye uchi.

Mjomba wako


Migosi,
12 Julai 2025

Kwako Nera, na Anti Awuor,

Ni msichana. Kilo tatu na gramu mia mbili, mashavu kama ya baba yake wakati ule wa ini. Alitoka akilia mpaka nesi wa chumba cha pili akachungulia.

Kipimo cha mwisho kabla ya kujifungua kilikuwa kumi na moja nukta tatu. Damu nilitokwa, kama wanawake wengine. Nilikuwa nayo ya kutoa, mjomba. Nilibaki na nyingine.

Sydney alikuwa nje kwenye kibao, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, anasikiliza. Walipomwambia mtoto amezaliwa, aliuliza kwanza kama mama yuko sawa, kisha akauliza kama yeye mwenyewe yuko sawa. Amepapasa ndevu zake wiki nzima.

Mama Naswa alisimama mlangoni na chupa ya maji ya sukari aliyokuwa ameitengeneza kwa mazoea. Akaikumbuka barua. Akainywa mwenyewe yote, akasema mwizi akija amkute yeye. Sasa anakaa kitandani kwangu, anamwelekeza mtoto kwenye titi, na kila mgeni anayeingia anahubiriwa maziwa ya njano. Mimi namshukuru. Safari hii ahsante mama yangu imetoka yenyewe.

Amezaliwa mchana, jua likiwa utosini. Jina lake lingekuwa Achieng. Nimekataa. Anaitwa Atieno, ingawa usiku ulikuwa bado mbali.

Wako,
Celestine na Atieno


Katito,
2 Agosti 2025

Kwako Celestine, Mama Atieno,

Barua yako nimeisoma sokoni juu ya kreti ya soda. Watu wanasema nililia. Ni moshi wa mahindi ya kuchoma. Atieno wa mchana, jina hilo limesimama. Mwambie nina mbuzi wake, tayari ameanza kunikaidi.

Hapa nyumbani kuna shida, na mwenye kuileta ni wewe.

Jana nilimuuza beberu wa Mzee Wakhungu kwa Waliaula, mwenye bucha. Nikakaa nikisubiri, nimenawa mikono. Nimekuwa nikikutumia maini tangu Februari, okewo, hili lilikuwa la kwanza ambalo ningeonja mwenyewe. Waliaula akalitoa, linafuka mvuke, akalifunga kwenye jani la mgomba, akalipitisha mbele ya pua yangu, akampa Byron na pikipiki yake. Nikamuuliza anafanya nini.

Akaniambia, "Mzee Dalmas, una mkaza mwana mjamzito. Wewe ndiye mwenye mila, sisi tunaifuata tu."

Kumbe Elsie amekuwa akiiuza pamoja na mboga. Imetoka Migosi ikapita Ahero, ikafika Katito ikiwa imenenepa. Sasa si mume tu, ni kila mwanamume wa boma. Elsie alikuwepo pale pale, akawasimulia watu habari ya babu yangu Owiti. Katika simulizi lake babu alimnyonyesha mtoto. Nikamwambia hapana, hakufika kunyonyesha. Akanisahihisha, mbele ya soko zima, kwamba mimi nilikuwa bado sijazaliwa. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akasema yeye alimjua babu.

Ningesema nini? Nikisema ni uongo, Elsie atakuwa Kibuye kesho na Migosi jioni, na Mama Naswa atakoroga sukari.

Nikarudi nyumbani. Awuor, ambaye anajua kwamba babu yangu hakuitwa Owiti wala hakuwa na mbuzi, alimpakulia Kageha ini lote. Akaniambia nivute kiti nikae mbali kidogo, kwa heshima ya mkaza mwana, lakini nihakikishe anamaliza. Halafu akamwambia Byron alete machungwa.

Kageha alikuwa na rangi ya unga mwezi Juni, Awuor akamwanzishia vidonge na machungwa. Jana Awuor alimvuta ukope wa chini, akaniita nione. Mwekundu kama nyanya ya Kibuye.

Nikavuta sufuria, nikachovya ugali kwenye mchuzi uliobaki, nikanyamaza. Hiyo si kawaida yangu, Katito nzima itakuambia. Lakini mchuzi ulikuwa mtamu. Safari hii sikuambiwa.

Mjomba wako,
Dalmas